Voi Si Mahali pa Kupita Tu

Juzi niliweka video fupi ya makaburi ya vita hapa Voi. Sekunde arobaini na tano tu, hakuna muziki, natembea nikisoma majina kwenye mawe. Komenti ya kwanza: "Boss, kontenti imeisha mpaka unaenda kusumbua wafu?" Ya pili: "Hayo ni ya wazungu, achana nayo." Ya tatu ilitoka kwa dada mmoja wa Mwatate, na aliuliza swali moja tu: "Na wetu wako wapi?"

Hizo mbili za kwanza nilicheka. Ya tatu ilininyima usingizi. Hii posti ni jibu lake. Ni ndefu, kwa hivyo weka chai kando yako.

Kwanza niseme ukweli. Mimi nimekulia hapa na kwa miaka mingi sikujua kuna nini hapo makaburini. Ukiwa mtoto wa Voi unaambiwa "makaburi ya wazungu," na unapita. Hata sisi wenyewe mji wetu tunauchukulia kama pahali pa kupita. Basi la Mombasa linasimama, watu wananunua maji na kwenda choo, wanaendelea. Mtalii anashuka kwenye SGR, anaingia gari la Tsavo kuona ndovu, tumemaliza. Na sisi tukiulizwa kwetu kuna nini, tunajibu, "Hakuna kitu bana, ni joto tu."

Siku nilipoingia nilikuwa natafuta kivuli, sio historia. Nikaanza kusoma mawe. Majina, vikosi, tarehe. Waingereza, Waafrika Kusini. Tarehe nyingi ni za 1915 na 1916. Nikaanza kupiga hesabu za umri, nikaona kuna vijana hapa ambao walikufa wakiwa wadogo kuniliko, na mimi bado namwomba mamangu pesa za bando. Mtu alitoka ng'ambo, akapanda meli, akaja kufia Voi. Nikajiuliza, alikuja kufanya nini huku kwetu?

Sasa hapa ndio utamu ulipo. Vita vya kwanza vya dunia, vile tulivyosoma shuleni vya Ufaransa na mitaro na matope, vilipiganwa hapa kwetu. Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakashika Taveta. Waingereza wakaona reli yao ya Mombasa iko hatarini, kwa hivyo 1915 wakaanza kujenga reli nyingine kutoka hapa Voi kuelekea Maktau, na baadaye ikaenda mpaka Taveta na kuvuka mpaka. Voi ikawa kituo kikubwa cha jeshi. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walipigwa vibaya pale kilima cha Salaita. Hicho kilima ukienda Taveta unakiona ukiwa ndani ya matatu. Nimekiona mara ngapi? Sijui. Nilikuwa naangalia simu.

Lakini rudi kwa swali la dada wa Mwatate. Hao wanajeshi walikula nini? Risasi zao zilibebwa na nani? Huku kwetu ng'ombe na punda walikuwa wanakufa kwa mbung'o, na barabara za lori hazikuwa. Jibu ni kwamba vilibebwa vichwani na migongoni. Wanaume wa Kiafrika walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wawe wapagazi. Kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, na wazee wetu wakalitamka vile masikio yao yalivyosikia: Kariakoo. Ndio maana kuna Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Ni majina ya kambi zao. Unaenda kununua kiondo Kariokor na hujui unatembea juu ya nini.

Inakadiriwa wapagazi karibu 100,000 walikufa upande wa Waingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi, njaa na uchovu. Na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Hii si porojo ya mtandaoni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hao hao wanaotunza makaburi ya hapa Voi, walitoa ripoti wakakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waliomba msamaha. Na mwaka 2019, mbunge wa Uingereza David Lammy alipotengeneza filamu kuhusu jambo hili, mojawapo ya sehemu alizokuja ni hapa hapa Voi. Alionyeshwa makaburi yaliyofyekwa vizuri, kisha akaonyeshwa kichaka nje yake, ambako Waafrika walizikwa bila jiwe.

Mtu alipanda ndege kutoka London kuja kuona kichaka ambacho mimi nilikuwa napita karibu nacho nikienda kucheza mpira. Acha hiyo ikae kidogo.

Nilimwambia Nyanya hiyo habari. Nyanya yangu anakaa juu milimani, si mtu wa maneno mengi. Aliendelea kuchambua maharagwe, halafu akasema, kama mtu anayezungumzia bei ya sukari, "Mdogo wa babu yangu alienda Kariakoo. Hakurudi."

Nikamwambia, Nyanya, mbona hujawahi kuniambia?

"Hujawahi kuniuliza."

Jamani. Miaka yangu yote. Nimemfanyia video Nyanya akijaribu kula piza, ikapata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Nimemrekodi akicheza wimbo wa Amapiano. Lakini kumuuliza watu wake walikuwa akina nani, sikuwahi. Aliniambia jina la yule kijana. Akaniambia pia kwamba mtoto aliyezaliwa baadaye pale nyumbani alipewa jina hilo, ili lisipotee. Hapo ndio nikaelewa kwa nini kuna mjomba mmoja kwetu ana jina ambalo halifanani na la mwingine yeyote. Sisi hatukuwa na jiwe la kuandika. Tuliandika kwa watoto.

Kwa hivyo watu wakiniuliza makumbusho yana raha gani, mimi sianzi na vioo na mifupa. Naanza na hiyo siku. Raha yake ni kugundua kwamba hadithi uliyodhani ni ya wengine, wewe umo ndani.

Najua wengi wetu tuliharibiwa na trip ya shule. Mimi nilienda makumbusho ya Nairobi nikiwa darasa la saba. Tulikuwa basi mbili, mwalimu anapiga kelele "songeni, songeni," na kitu pekee nilichokumbuka ni soda na yule nyoka. Nilirudi nikiwa mtu mzima, peke yangu, siku ya kazi, hakuna haraka. Nikasimama mbele ya Kijana wa Turkana. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1984 pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na ina takriban miaka milioni moja na nusu. Aliyeona kile kipande cha kwanza cha fuvu, kidogo na chenye rangi kama ya kokoto zilizokuwa hapo, ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Hakuwa amesomea chuo kikuu. Alikuwa na macho na subira. Sasa mwambie kijana wa mtaani ambaye amekosa ada kwamba mtu wa aina hiyo ndiye aliyeona kitu ambacho dunia nzima ilikuja kukisoma. Hiyo huwezi kuipata kwa swali la mtihani lenye A, B, C na D.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma kama mtu wa Voi. Simba wetu wako wapi?

Nazungumzia wale wawili wa Tsavo, wale madume wasio na manyoya ya shingoni. Mwaka 1898, kuanzia Machi mpaka Desemba, walikuwa wanatoa wafanyakazi wa reli kwenye mahema usiku, pale daraja la mto Tsavo lilipokuwa linajengwa. Mwingereza J. H. Patterson aliwapiga risasi Desemba ya mwaka huo. Akakaa na ngozi zao kama mazulia ya nyumbani kwa miaka kama ishirini na tano, kisha 1924 akaziuza kwa Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Mpaka leo wako huko. Mtoto wa Chicago anapelekwa na mamake Jumamosi kuwaona. Mtoto wa Voi, aliyezaliwa mwendo mfupi kutoka hilo daraja, anawajua kwa filamu ya Hollywood ya 1996, ambayo nayo ilipigwa Afrika Kusini!

Na angalia jambo lile lile linavyojirudia. Aliyepiga simba tunamjua jina, aliandika mpaka kitabu. Alisema simba hao waliua watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya yao walikadiria 2009 kwamba waliliwa watu kama 35. Sawa, wabishane kuhusu idadi. Mimi nauliza majina. Hao wafanyakazi waliotolewa India, na hao Waafrika wa hapa walioliwa, waliitwa nani? Tunajua simba alipigwa risasi ngapi na hatujui mtu aliyeliwa alikuwa baba ya nani.

Somo nililopata ni hili: anayetunza kitu ndiye anayekisimulia. Na anayesimulia ndiye anayechagua nani awe na jina.

Kuna watu wameamka. Majirani zetu Wamijikenda waliibiwa vigango vyao, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee, vikauzwa ng'ambo kama mapambo ya sebule na vingine vikaishia kwenye makumbusho. Hawakunyamaza, na baadhi vimerudi. Mwaka 2023 makumbusho moja tu ya jimbo la Illinois, Marekani, ilirudisha 37. Kama kigango kinaweza kurudi kutoka Illinois, usiniambie kuuliza habari za simba wa Chicago ni ndoto.

Sasa niwaambie kosa langu, maana nisipolisema mimi, kuna mtu atalisema kwenye komenti. Huku Utaita tuna mapango ya mafuvu. Zamani mtu akifa alizikwa, kisha baada ya muda kaburi lilifunguliwa na fuvu likapelekwa kwenye pango la ukoo wake, likakaa na wenzake. Watu walienda hapo kuzungumza na wazee wao mambo yakiwa magumu, mvua ikikataa au ugonjwa ukizidi. Dini mpya ilipoingia (mmishonari Wray alifika Sagalla 1883, mlima huo huo tunaouona tukiwa Voi) desturi hiyo ikafifia, lakini mafuvu hayajaenda popote.

Mwaka jana nilipanda huko na marafiki wawili. Tulibeba simu, taa ya duara na kichwa cha video nilichokuwa nimeshaandika: "Tumelala kwenye pango la mashetani." Mzee aliyetupeleka alitutazama tukipanga taa. Hakufoka. Aliniuliza, "Ukiingia chumbani kwa nyanya yako ukute amelala, utampiga picha kabla hujamsalimia?"

Nikazima taa. Tukakaa kimya, mzee akasema maneno yake kwa Kidawida, tukashuka. Ile video sikuiweka, na niliifuta. Laiki ningepata, najua. Lakini ningekuwa nimefanya nini tofauti na yule aliyetandika simba sebuleni kwake?

Kwa hivyo sisemi kila kitu kitiwe kwenye kioo na kuwekewa kiingilio. Lile pango ni makumbusho tayari, lina mtunzaji wake na lina sheria zake. Vitu vingine vinataka kuonyeshwa, vingine vinataka kusalimiwa. Kazi yetu ni kujua tofauti, na hatuwezi kuijua kama hatuendi kabisa.

Najua mtakachosema. "Makumbusho hayaleti unga." Ni kweli, maisha ni magumu, mimi pia nakopa. Lakini hesabu mabasi na magari ya watalii yanayopita hapa kila siku. Wengi wangesimama saa moja kama kungekuwa na mahali pa kusimama na kijana wa hapa wa kuwaeleza. Hiyo ni ajira, tena isiyohitaji ukate mti hata mmoja. Kuna hoteli moja pale Taita Hills imetenga pahali pa kuonyesha mambo ya vita hivyo vya kwanza, na nawapongeza. Lakini mama muuza mboga wa sokoni Voi haendi hotelini kutembea. Historia yake isiwe kitu cha kuonwa na aliyelipia chumba.

Wengine mtasema, "Hayo ni ya kishenzi, sisi tumeokoka." Sawa. Kumjua babu wa babu yako si kumwabudu. Hata Biblia ina kurasa nzima za fulani alimzaa fulani, na hakuna anayezirarua.

Na wale wa "yaliyopita si ndwele": huo msemo unawahusu watu wawili waliogombana wakapatana. Huwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya wafu ambao hata hujui majina yao.

Ombi langu kwa kaunti na kwa yeyote mwenye kalamu ya kuweka sahihi ni dogo. Tupeni nyumba moja Voi mjini. Isiwe jumba la mabilioni. Hata chumba kwenye stesheni ya zamani kingefaa, maana mji huu ulizaliwa na reli. Tuweke ramani ya vita, picha za wazee, vyombo vya nyumbani, hadithi ya simba na ya walioliwa, hadithi ya Mwangeka aliyepigana na wakoloni hapa kwetu mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye watoto wetu wengi hawamjui. Na pale makaburini, nje ya ua, tuweke jiwe moja la wapagazi. Kama hatuna majina yote, tuanze na tuliyo nayo.

Ombi langu kwako ni dogo zaidi. Usingoje kaunti. Mwisho wa mwezi huu ukipanda kumsalimia nyanya au babu, simu ikiwa na chaji, muulize maswali matatu: Babu yako aliitwa nani? Alifanya kazi gani? Kuna mtu wa kwetu aliyeondoka asirudi? Kisha nyamaza, usikilize. Andika kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huibwa. Wazee wetu wanaondoka kila wiki, tunawasindikiza kwa fulana zenye picha zao, na tunazika na majibu.

Na ukipata nafasi, panda treni hapa Voi uende Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Nenda na mtoto mmoja, si basi mbili. Mwache asimame mahali anapotaka kusimama. Asipigiwe kelele "songa."

Dada wa Mwatate, uliuliza wetu wako wapi. Wako nje ya ua, chini ya kichaka, karibu na hapa ninapoandikia. Mmoja wao sasa namjua jina. Sitaliweka hapa kwa sababu Nyanya alisema kwanza tuwaambie watoto wa nyumbani, na safari hii nimeuliza kabla ya kuposti. Lakini nimeliandika, na nimeenda pale nikalitamka kwa sauti. Watu waliokuwa wanapita waliniangalia kama mwendawazimu.

Wako anaitwa nani?